Konda Asipopita, Nauli Bado Ipo

Safari hii naweka kando shinikizo la damu na chanjo za watoto, nizungumze kuhusu tiketi ya treni. Najua wapo watakaouliza muuguzi na nauli wapi na wapi. Lakini katika miaka yangu ya kazi hapa Uingereza nimewaona wanafunzi wetu wakikosa usingizi kwa sababu ya nauli ya pauni nne kuliko kwa sababu ya mtihani wa kukokotoa dozi. Na karibu wote huanza kusimulia kwa maneno yale yale: "Dada, konda hakupita."

Maneno hayo ndiyo nataka tuyaangalie leo, maana ndani yake yamo mazoea ya nyumbani ambayo huku yanaweza kumtia mtu hatiani.

Nauli ya kudaiwa na nauli ya kujipeleka

Kwetu nauli ina mtu wake wa kuidai. Aliyekulia Dar es Salaam anamjua konda wa daladala: amesimama mlangoni, noti zimekunjwa katikati ya vidole, sarafu zinalia kiganjani, na kabla hujapata pa kushika ameshakugusa bega. Wa Nairobi na Mombasa wanaye makanga wao, na hana mchezo. Kazi ya kudai ni yake. Ukishuka hajakudai, abiria wenzako watacheka na kusema konda kalala. Hakuna atakayekuita mwizi. Wengine watasema ni riziki yako ya siku hiyo.

Mtu aliyeishi hivyo miaka ishirini anapopanda treni ya asubuhi katika mji mdogo wa Uingereza, akakuta kituo hakina geti, hakina mlinzi, hakuna anayemwuliza kitu, akili yake inamwambia: nitulie, atakuja. Treni imejaa hadi milangoni. Konda yuko behewa la nyuma na hawezi kupenya. Siku nyingine treni yenyewe haina konda, ni dereva peke yake. Vituo vinne vinapita, watu wanashuka, hakuna aliyelipa mbele ya macho yake. Wiki ya kwanza anashangaa. Wiki ya tatu anazoea. Wiki ya sita anashuka katika stesheni kubwa ya mjini, anakuta wakaguzi wamejipanga mbele ya geti, na mmoja anamwomba tiketi.

Hapo ndipo tofauti ya nchi mbili inapojitokeza. Nyumbani, nauli isiyokusanywa ni uzembe wa konda. Huku, wajibu wa kulipa uko kwa abiria tangu anapoweka mguu ndani ya treni. Kama kituo alichopandia kilikuwa na dirisha la tiketi lililo wazi au mashine inayofanya kazi, na malipo yake yanapokelewa hapo, alitakiwa kununua kabla ya kupanda. Konda kutopita hakufuti kitu. Wazee wetu walisema dawa ya deni ni kulipa, na deni hili linaanza kabla mtu yeyote hajakudai.

Kosa moja, milango mitatu

Wengi wetu tunaita kila kitu "faini", kumbe ziko njia tatu tofauti, na kila moja ina uzito wake.

Ya kwanza ni tozo ya adhabu. Kwa treni za Uingereza yenyewe, tangu Januari 2023, tozo hiyo ni pauni 100 pamoja na nauli ya safari ya kwenda tu. Ukilipa ndani ya siku 21 inashuka hadi pauni 50 pamoja na nauli. Kabla ya hapo ilikuwa pauni 20 au nauli mara mbili, ndiyo maana wenyeji wa zamani bado wanawaambia wageni kwamba ni hela ndogo. Katika usafiri wa London ni pauni 100 tangu Machi 2024, na nusu yake ukiwahi. Tozo hii inauma mfukoni, lakini haina hukumu ya mahakama ndani yake, na unaweza kuikatia rufaa ndani ya siku 21.

Ya pili ni kanuni ndogo za reli. Kanuni ya 18 inasema usipande bila tiketi halali pale inapotakiwa. Hapa mahakama haiulizi kama ulikusudia kudanganya. Inatosha kwamba ulikuwa ndani ya treni na tiketi huna, isipokuwa uonyeshe kwamba kituoni hapakuwa na namna ya kununua, au kulikuwa na tangazo linaloruhusu, au mfanyakazi mwenye mamlaka alikuruhusu. Faini inaweza kufika pauni 1,000.

Ya tatu ndiyo nzito. Ni sheria ya reli ya mwaka 1889, iliyotungwa enzi za Malkia Victoria na bado inatumika. Kifungu chake cha 5 kinahusu anayesafiri kwa kukusudia kukwepa nauli. Faini yake nayo inaweza kufika pauni 1,000, na mahakama ina uwezo wa kutoa hadi kifungo cha miezi mitatu. Kifungo ni nadra, lakini neno "kukusudia" ndilo linalotisha zaidi. Ukitiwa hatiani chini ya kifungu hiki, umehukumiwa kwa kukosa uaminifu. Kiasi cha nauli hakibadilishi jina la kosa.

Na hapa, wauguzi wenzangu, ndipo nauli inapoingia kazini kwetu.

Pauni nne na namba ya usajili

Kila muuguzi anayefanya kazi hapa amesajiliwa na NMC, na kila mmoja wetu anaijua ile namba ya usajili tunayoiita PIN. Ndiyo mkate wetu. Kwa wengi ndiyo iliyouza shamba la baba, au iliyokula mkopo wa mama. Mwongozo wa maadili wa NMC unamtaka muuguzi awaarifu wao na mwajiri wake mapema iwezekanavyo anaposhitakiwa, anapopewa onyo rasmi la polisi, au anapotiwa hatiani kwa kosa la jinai. Mwanafunzi naye huulizwa kuhusu tabia yake njema kabla ya kusajiliwa. Anayetaka kufanya kazi na wagonjwa au watoto hupitia ukaguzi wa DBS. Fomu za uraia nazo huuliza kuhusu hukumu za mahakama.

Sisemi kwamba kila aliyekosa tiketi atafukuzwa kazi. Wanaoamua huangalia mazingira, na kosa dogo lililoelezwa kwa ukweli hupimwa kama kosa dogo. Ninachosema ni kwamba mambo yanayopimwa katika kazi yetu ni mawili: ujuzi na uaminifu. Ninapofungua kabati la dawa za kulevya usiku wa manane, wanachoniaminia si shahada yangu. Wananiamini kwamba vidonge nitakavyoandika ndivyo nitakavyotoa. Kwa hiyo karatasi inayosema "alikusudia kudanganya" inagusa mahali pabaya, hata kama udanganyifu wenyewe ulikuwa wa pauni nne.

Na si wauguzi tu. Mwaka 2014 mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza ilimpiga marufuku ya maisha meneja mmoja wa London asifanye kazi katika sekta hiyo. Alikuwa na mshahara mnono. Kwa miaka alikuwa akipandia kituo cha shamba kisicho na geti, bila kulipia safari nzima, kisha anagusa kadi ya Oyster anapotoka mjini, analipa pauni 7.20 badala ya pauni 21.50. Alipokamatwa alilipa karibu pauni 43,000 nje ya mahakama. Hakushitakiwa hata. Lakini mamlaka ilisema mtu wa namna hiyo hafai kuaminiwa na fedha za watu. Mwenye mamilioni alipoteza kazi kwa kituo kisicho na geti, sembuse sisi wenye viza.

Bahasha ya binti mmoja

Ninamjua binti mmoja wa kwetu, mwanafunzi wa uuguzi mwaka wa mwisho. Jina lake na mji wake naviacha. Alikuwa kwenye mafunzo ya wodini katika hospitali iliyo mbali na chuo, zamu inaanza saa moja na nusu asubuhi. Alipanda treni ya kwanza katika kituo kisicho na geti. Mashine ya tiketi ilikuwapo, lakini foleni ilikuwa ya watu wanne na treni ilikuwa inaingia. Akapanda, akijua konda atakuja. Konda hakuja. Mjini akakutana na wakaguzi. Akawaeleza. Wakaandika jina lake na anwani, wakamwambia atapata barua.

Barua ilikuja, ila ilikwenda hosteli aliyokwisha kuhama. Hakuiona. Ya pili nayo ikaenda huko huko. Ya tatu ilimfikia kwa sababu msichana aliyeachiwa chumba alikuwa na moyo wa kuipeleka kwa mkono. Alikuja nayo kwangu Jumapili jioni, bado yuko na sare ya mafunzo chini ya koti. Nilimpa chai, hakuinywa. Barua ilitaja sheria ya 1889, ikasema asipojibu, kesi itakwenda mahakamani. Alikuwa amebakiza miezi mitatu kusajiliwa.

"Dada, nimwambie nini mama?" aliniuliza. Nikamwambia mama tutamwambia baadaye, kwanza tujibu barua.

Tulikaa mezani tukaandika kila kitu kwa utulivu: saa aliyofika kituoni, foleni, ratiba ya zamu iliyosainiwa na wodi, tiketi za siku nyingine alizokuwa amenunua kwenye simu, ushahidi wa tarehe aliyohama. Hakusema mashine ilikuwa mbovu, kwa sababu haikuwa mbovu. Hakusema hajui Kiingereza. Alisema alipaswa kununua kabla ya kupanda, kwamba hakununua, na kwamba alikuwa tayari kulipa siku hiyo hiyo. Ofisi ya chuo inayosaidia wanafunzi ikaisoma barua na kuiweka sawa. Kampuni ilikubali alipe nauli na gharama zao, jambo likaishia hapo bila mahakama. Gharama ilikuwa pesa ya chakula chake ya mwezi. Alilia, lakini alilia kwa kushusha pumzi.

Nimelisimulia hili kwa ruhusa yake, na kwa sababu moja. Kilichokaribia kumwangusha ni barua zilizokwenda mahali asipoishi. Nauli ilikuwa mwanzo tu. Kesi za aina hii nyingi husikilizwa na hakimu mmoja mezani kwake, bila mshitakiwa kuwapo, na asiyejibu huweza kuhukumiwa asijue. Ukigundua umehukumiwa hivyo, ipo nafasi ya kula kiapo kwamba hukujua kesi, ndani ya siku 21 tangu ulipojua, ili ianze upya. Usikae nayo kwa aibu. Nenda kwa mwanasheria, chama cha wafanyakazi, ofisi ya wanafunzi, au Citizens Advice, ambao hawatozi kitu.

Wenye reli nao hawana haki yote

Nisieleweke kama ninayewatetea wenye treni. Mwaka 2024 lilitokea jambo kubwa. Tarehe 15 Agosti, Hakimu Mkuu Paul Goldspring alitamka kwamba kesi kadhaa zilizoletwa na kampuni za treni chini ya sheria ya 1889 ni batili. Kampuni zilikuwa zimetumia njia ile ya haraka ya hakimu mmoja, wakati ziliruhusiwa kuitumia kwa kanuni ndogo tu, si kwa sheria hiyo. Uamuzi huo uligusa hukumu zaidi ya 74,000. Fikiria, watu elfu sabini na nne walibeba hukumu ambayo haikupaswa kuwapo.

Mwaka huo huo kukatokea kelele kuhusu vijana waliotishiwa mahakama kwa tofauti ya pauni moja na senti, kwa sababu ya kadi za punguzo. Serikali ikaiagiza mamlaka ya reli, ORR, ichunguze. Ripoti yake ya Juni 2025 ilisema wazi kwamba mfumo wa tiketi ni mgumu kueleweka, kwamba kosa lile lile hushughulikiwa tofauti na kampuni tofauti, na kwamba mtu aliyekosea bila nia mbaya anaweza kutendewa kama mwizi. Kwa hiyo anayesema mfumo huu unawachanganya watu, hajakosea.

Lakini ripoti hiyo ilisema na upande wa pili: ukwepaji nauli unakadiriwa kuigharimu reli ya Uingereza pauni milioni 350 hadi 400 kila mwaka. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukitoboa pia.

Kuna kaka mmoja tunayesali naye huniambia kila mara: "Kampuni hizi tajiri, tukiwala pauni nne watapungukiwa nini?" Namjibu hivi. Tangu 2020, kwa sehemu kubwa ya treni za Uingereza, mapato ya nauli ni hesabu ya serikali. Nauli ikipungua, pengo linazibwa na kodi, yaani makato yale yale tunayoyaona kwenye karatasi ya mshahara. Na mwaka 2025 kampuni zimeanza kurudishwa mikononi mwa umma moja baada ya nyingine, kuanzia South Western Railway mwezi Mei. Huyo tajiri anayemsema, siku hizi ni mimi na yeye.

Lipo na jambo jingine ambalo watu hawalifikirii. Hesabu ya abiria wa kila kituo hutokana kwa kiasi kikubwa na tiketi zilizouzwa. Kituo chenye watu mia asubuhi, ambapo arobaini hawajalipa, kwenye karatasi kina watu sitini. Siku ya kuamua treni ipi iongezewe mabehewa, au kituo kipi kiwekewe mhudumu, wale arobaini hawapo. Halafu sisi sisi tunalalamika kwamba treni ya saa kumi na mbili na nusu haina pa kusimama. Ndiyo, haina. Kwenye vitabu vyao haijajaa.

Mambo ya kufanya, hasa wewe uliyefika mwezi huu

Nunua kabla ya kupanda, hata kama kituo hakina geti na hata kama jana hakuna aliyekuuliza. Foleni si sababu. Ongeza dakika kumi kwenye saa ya kutoka nyumbani.

Kama mashine ni mbovu, ipige picha ikionyesha skrini na saa. Baadhi ya mashine hutoa karatasi ya ahadi ya kulipa kwa mwenye pesa taslimu. Ichukue. Kisha mtafute konda wewe mwenyewe, au nenda moja kwa moja kwenye dirisha ukifika, kabla ya kuulizwa.

Tiketi iliyo kwenye simu iliyozima ni sawa na kukosa tiketi. Chaji usiku, na beba betri ya akiba ukitoka zamu ya saa kumi na mbili.

Ukitumia kadi ya benki kugusa, gusia kutoka kwa kitu kile kile ulichogusia kuingia. Kadi ya plastiki na simu vyenye akaunti moja huhesabiwa kama kadi mbili. Utatozwa kama mtu aliyeingia na hakutoka, na mtu aliyetoka na hakuingia.

Kadi ya punguzo ya miaka 16 hadi 25 ni nzuri mno, inapunguza theluthi ya nauli, na mwanafunzi wa muda wote aliyezidi miaka 25 naye anaweza kuipata. Lakini ina mtego. Jumatatu hadi Ijumaa, kuanzia saa kumi na nusu alfajiri hadi saa nne asubuhi, isipokuwa Julai na Agosti, kuna nauli ya chini ya pauni 12. Maana yake, punguzo haliwezi kushusha tiketi yako chini ya pauni 12 saa hizo. Kama nauli kamili ni pauni 6, unalipa pauni 6. Aliyelipa 4 kwa kutumia kadi, kwa hesabu yao amelipa pungufu. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa kwenda wodini hunaswa, maana safari zao ni za asubuhi.

Wazazi, mtoto chini ya miaka 5 husafiri bure, na wa miaka 5 hadi 15 hulipa nusu kwenye treni. Siku anapotimiza 16 ni mtu mzima kwa tiketi, hata kama kwako bado analala na taa. Ipo kadi ya miaka 16 na 17 inayompa nusu nauli. Mkatie kabla ya sherehe ya kuzaliwa. Na tafadhali, usimfundishe mtoto wa miaka 17 kusema ana 15. Pauni tatu unazookoa, anajifunza nazo kitu ambacho hutaweza kumfuta.

Ukikamatwa, toa jina lako na anwani ya kweli. Jina la uongo ni kosa jingine kabisa, na hilo haliwezi kuitwa bahati mbaya. Usigombane, usisaini usichokielewa, chukua namba ya karatasi uliyopewa. Na ukihama, badilisha anwani kila mahali, uwaachie waliobaki namba yako ya simu.

Kwa wasomaji wetu wa kwingineko, sura ni hiyo hiyo kwa mavazi tofauti. Ujerumani vituo vingi havina geti kabisa. Wakaguzi hupanda wamevaa kiraia, tozo ni euro 60, na sheria ya jinai ya huko ina kifungu chake kuhusu wanaosafiri bila kulipa, chenye kifungo cha hadi mwaka mmoja. Dubai, kwenye Metro, anayekutwa bila kadi halali ya nol hutozwa dirham 200. Kila mahali geti lililo wazi lina mtu nyuma yake.

Neno la mwisho

Nyumbani nako mambo yanabadilika. Treni ya SGR iliyoanza mwaka 2024 kati ya Dar es Salaam na Morogoro, kisha Dodoma, abiria anakata tiketi kabla ya kufika kwenye behewa, na wazazi wetu wameshazoea. Mama yangu aliyekuwa akibishana na makonda wa Mbagala kwa shilingi hamsini, leo ananitumia picha ya tiketi yake siku mbili kabla ya safari. Kumbe ni mazoea tu, na mazoea hujengwa.

Wageni wanaokuja mwezi huu kuanza masomo watatuuliza sisi tuliotangulia mambo mengi: duka la mahindi ya ugali liko wapi, koti zuri ni bei gani, nani anasuka. Watakapouliza kuhusu treni, tusiwaambie "panda tu, huwa hawapiti." Tumewaambia hivyo wengi, kwa nia njema kabisa, kumbe tunawapa mzigo ambao wenyewe hatutakuwapo kuubeba. Tuwaonyeshe mashine ilipo, tuwasaidie kuweka programu ya tiketi kwenye simu, tuwaeleze hiyo pauni 12.

Ana yeyote mwenye barua ya namna hii imelala kwenye droo kwa woga? Itoe leo. Isome tarehe iliyo juu, uhesabu siku. Kisha mpigie mtu.

Mwezi ujao narudi wodini: tutazungumza kuhusu zamu za usiku na kisukari. Mbaki salama.